Mtani Hakasirikiwi

Sorobe, mwezi wa mvua za kwanza, mwaka wa pili wa Kiapo

Kaka yangu Nanfori,

Nakusalimu mara moja kwa ajili yangu na mara ya pili kwa ajili ya tumbo langu, maana sasa tuko wawili. Huku mtoni hatujambo, mbu tu ndio wanaotunyima usingizi. Wasiwasi wangu ni ninyi mlioko juu huko Kandara, na zaidi Baba. Mguu wake unaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mwambie namwota mara kwa mara, na kila nikimwota ananiuliza nimekula nini.

Mjibu kwamba nakula samaki. Asubuhi samaki, mchana wali na samaki, jioni wananiuliza, "Leo tukupikie nini?" kisha wanaleta samaki. Nimeshaanza kunuka mto.

Ila lililonitesa zaidi, kaka, si samaki, ni huu utani. Unakumbuka siku ya Kiapo pale kivukoni, Baba na Mfalme Faran wakinywa maziwa kwenye kibuyu kimoja, na sisi watu wa pande mbili tumesimama na mapanga nyuma ya migongo? Tangu enzi za mababu tulikuwa tukichinjana kwa ajili ya kivuko kile. Wakatwambia kuanzia leo Kandara na Sorobe ni watani, basi tukaitikia kama watoto walioambiwa wanywe dawa. Tulijua nini sisi? Watu wa milimani tulikuwa na ndugu na adui, mtani hatukuwahi kumwona. Hawa wa mtoni wamekuwa na watani tangu zamani, makabila ya huko bondeni, na utani kwao ni kama hewa.

Wiki yangu ya kwanza nilipita sokoni, mama mmoja muuza samaki akapaza sauti: "Jamani, mmemwona mke wa Kontaga anavyotembea haraka? Ni kunde alizokula kwao, zinamsukuma kwa nyuma!" Soko zima likacheka. Nilirudi nyumbani nalia, nikamwambia mume wangu akamkamate yule mwanamke. Kontaga alicheka mpaka akateleza kwenye mkeka. "Mke wangu," akasema, "hujatukanwa. Umesalimiwa."

Sasa nimezoea. Jana nilimwambia yule yule mama kwamba vyura wa Sorobe wanazaliana sana kwa sababu kwenye matope hakuna kingine cha kufanya. Alinikumbatia na kunipa samaki bure. Hata Mfalme Faran, baba mkwe wangu, ananiita mtumwa wake wa milimani, nami namwita mzee wa magamba. Ndugu akikuudhi unakasirika, unalia, kisha mnapatana. Lakini mtani, wanasema, hakasirikiwi.

Nimemtumia Baba kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi. Atoe miiba, asile kwa pupa. Kontaga anakusalimu, anasema shemeji yake anatisha kwa ndevu tu.

Ni mimi mdogo wako,
Kaniba


Kandara, mwezi wa palizi

Mdogo wangu Kaniba,

Salamu zako tumezipokea zote, za kwako na za huyo asiyezaliwa. Sisi wazima. Baba mguu unamuuma pale tu anapoambiwa akague mashamba, ukimwambia chakula kipo tayari anatembea kama kijana. Samaki wako wamemtia wazimu. Anawaficha chini ya kitanda, na wapishi wanalalamika kwamba chumba cha mfalme kinanuka kama mtumbwi.

Huku utani wenu umetuletea kesi. Mvuvi mmoja wa Sorobe aliingia uani kwa mhunzi wetu mkuu, mzee Sinaba, akafungua kamba ya beberu wake na kusema, "Mtani, nachukua mbuzi wangu." Akaondoka naye mchana kweupe! Sinaba alikuja barazani na nyundo mkononi. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Nawe nenda Sorobe ukachukue mtumbwi wake." Sinaba akajibu, "Mtumbwi nitaupandisha mlima huu nikalime nao?" Basi watu wakaangua kicheko, na kesi ikaishia hapo.

Mimi mwenzio bado sijaweza. Nikitukanwa, mkono unafika kwenye panga kabla sikio halijamaliza kusikia. Baba ananigombeza, anasema mfalme asiyejua kucheka na watu wake, watamcheka akiwa hayupo. Najitahidi. Nimejifunza tusi moja kuhusu magamba, natafuta mtu wa kumpa.

Sasa nikwambie lililo zito. Dugaba, yule mteka miji anayesemwa huwachuna watu vivuli wakasahau hata walio wao, ameuteka mji wa Wurani. Mimi nilidhani zile habari za kuchuna vivuli ni hadithi za kutisha watoto. Juzi alfajiri alifika mwanamke kutoka huko, na jua lilipopanda nikatazama chini pembeni yake. Kaniba, hapakuwa na kitu. Sisi sote vivuli virefu, yeye ardhi tupu. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Shangazi akamuuliza mtoto anaitwa nani, naye akauliza, "Mtoto gani?" Tangu siku ile sipati usingizi.

Unakumbuka kabla ya Kiapo mizimu ya pande zote mbili ilisema jambo lile lile: askari wa Dugaba hawauawi na chuma chochote ila chuma cha Kandara kilichozimwa kwenye maji ya Sorobe, mikononi mwa watu wasiodaiana damu. Sinaba na vijana wake wanafua mikuki usiku na mchana, na wavuvi wenu wanatuletea maji kwa mitungi. Baada ya mavuno majeshi yetu yatakutana kivukoni. Baba anasema asingekubali kuitwa mla kunde na mzee Faran kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Jitunze. Ukijifungua, mimi ndiye mjomba, nitamfundisha kupanda farasi.

Kaka yako,
Nanfori


Kandara, mwezi huo huo

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Baba ametutoka.

Lilianza tumbo baada ya chakula cha jioni, tukadhani litapoa kwa dawa ya majani. Alitapika usiku kucha mikononi mwangu. Aliniuliza kama nimekula. Kulipokucha alikuwa amekwenda.

Tunakusubiri umzike. Siwezi kuandika zaidi.

Kaka yako,
Nanfori


Sorobe, mwezi huo huo

Kaka yangu,

Pole, nami nijipe pole. Sijui nianze wapi. Barua yako imenikuta kitandani, nimejifungua mtoto wa kiume, naye amepewa jina la babu yake, Bakoro, kabla hatujajua kwamba babu hayupo. Nimelia mpaka maziwa yamekatika, wanawake wamenikanda ndipo yakarudi.

Siwezi kuja. Huku mzazi havuki mto kabla ya arobaini, na wamenisimamia mlangoni wakijua ningejaribu. Anakuja Kontaga na watu wa nyumba yao. Mpokee kama ungenipokea mimi.

Kaka, kuna jambo. Hao ni watani, na mtani ndiye mwenye msiba. Watakuja wamejipaka majivu, wameshika mikuki ya mabua ya mtama, watafanya kama wanavamia mji. Watamwigiza Baba anavyotembea na anavyokohoa. Watazuia kaburi, mmoja wao atalala ndani yake na kukataa kutoka mpaka alipwe kuku au kitambaa. Yatawauma, najua. Hata mimi nilipoona mara ya kwanza nilitaka kurusha mawe. Lakini wanafanya hivyo ili wafiwa wacheke kidogo, wasije wakamfuata marehemu kwa huzuni. Wape kuku, chekeni, wataondoka na kulia njia nzima wakirudi. Kontaga alimpenda Baba. Tangu jana hajala.

Waambie watu wetu wavumilie, nawe zaidi, nakujua.

Mdogo wako anayelia mbali,
Kaniba


Kandara, siku ya pili baada ya maziko

Kaniba,

Nimeshika kalamu mara nyingi tangu jana na kuiweka chini. Barua hii nampa mzee wao mmoja mpiga ngoma, anateremka mtoni na mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo huo yumo mumeo. Amekufa. Ni mimi niliyemuua.

Nasoma nilichoandika na bado siamini kwamba ni mkono wangu.

Barua yako niliisoma mbele ya watu wote, tukakubaliana tuvumilie. Walipokuja tulivumilia. Walivamia na mabua yao, watoto wakakimbia kisha wakarudi. Kontaga alitembea kama Baba, mguu ukiburuzika, akakohoa, akauliza, "Chakula kiko tayari?" Kaniba, nilicheka. Shangazi alicheka huku anafuta machozi. Nilisema moyoni, kumbe ni dawa kweli.

Kisha akaruka ukingoni mwa kaburi, akainua bua lake, akapiga kelele: "Mnalia nini, wala kunde? Mnamtafuta aliyemuua? Sisi ndio tuliomuua! Tulimpelekea kikapu cha samaki, tukasema akila mmoja ataumwa tumbo, akila kikapu atakufa. Mzee mlafi, akala kikapu!"

Mimi ndiye niliyemshika Baba akitapika. Nilikuwa nimeona alichotapika.

Mrithi kwetu husimama kaburini na mkuki wa baba yake, unajua. Sikumbuki kuunyanyua. Nakumbuka tu kwamba Kontaga aliniona nikija na hakusogea. Alikuwa anatabasamu, amenipanulia kifua, kama mtu anayefurahi kwamba mwenzake mgumu hatimaye ameelewa mchezo. Alidhani ni bua. Watu wake nao walidhani hivyo, walipiga makofi! Walishangilia, Kaniba, mpaka alipopiga magoti. Alinitazama akasema taratibu, "Shemeji, huu si wa bua." Hakusema kingine.

Yule mzee mpiga ngoma ndiye aliyenieleza, baada ya watu kunishika mikono. Aliniambia kwamba maneno yale husemwa kila msiba, kwa kila maiti, hata kwa kikongwe aliyekufa kwa uzee, hata kwa aliyezama mwenyewe. Mtani husema, "Ni sisi tuliomuua." Aliniuliza, "Hamkuambiwa?"

Sikuombi kitu. Nimekwambia mimi mwenyewe ili usisikie kwa mwingine.

Nanfori


Kandara, mwezi wa suke changa

Mdogo wangu,

Mwezi mzima umepita na hujajibu. Sina haki ya kudai, lakini niambie tu kama u mzima na mtoto hajambo.

Mikuki yote iliyozimwa kwa maji yenu inaota kutu. Sinaba alifungua ghala akakuta chuma kinamomonyoka mkononi kama mkate uliolowa. Alikaa chini palepale akalia, mzee mzima. Kiapo kilisema atakayemwaga damu ya mtani, chuma kitamkataa, na kimetukataa sote. Dugaba yuko mwendo wa siku chache tu kutoka kivukoni. Watu hawanisemi mbele yangu, wala nyuma yangu hawasemi. Kila asubuhi nawaona wakitazama chini kuhakikisha vivuli vyao vipo.

Niandikie hata laana.

Kaka yako, kama bado,
Nanfori


Sorobe, mwezi huo huo

Nanfori,

Mimi mzima. Mtoto hajambo. Usiniulize zaidi ya hapo.

Walifikisha mtumbwi asubuhi, nikasikia ngoma ya yule mzee, nikatoka mlangoni na mtoto mkononi nikijua mume wangu amerudi. Niliwaza hata tusi la kumpokelea. Niliwaambia wanawake, "Wameshiba kunde huko, sikieni wanavyopiga ngoma vibaya." Wakacheka. Kicheko kilikuwa bado midomoni mwetu tulipofika ufukoni.

Mpaka leo nashika vitu visivyo vyangu. Nachota maji na kuyamwaga, naanza wimbo na kusahau mtoto alikuwa analilia nini. Nimesoma barua yako mpaka wino umefutika, na bado nikifika pale anapokupanulia kifua nasema, sasa Nanfori atacheka, sasa atacheka.

Umeandika kwamba mzee alikuuliza kama hamkuambiwa. Hamkuambiwa. Nilikuandikia habari za majivu na mabua na kuku, lile neno sikulitaja. Sikuficha. Nimelisikia hapa kwenye misiba mingi mno hata halikuniingia akilini kwamba ni neno la kueleza. Huku "ni sisi tuliomuua" ni kama kusema pole. Wewe ungekumbuka kumweleza mtu maana ya pole?

Sasa nikupe ujumbe, maana nimetumwa. Kontaga hajazikwa. Tumemlaza kwenye asali kama wanavyowafanyia wana wa mfalme, kwa sababu mtani hajaja, na huku maiti haizikwi bila mtani. Vijana wa Sorobe walitaka kupanda milima siku ile ile. Mfalme Faran aliwazuia. Amezeeka, ungemwona usingemjua. Alikaa barazani mpaka jua likatua, kisha akasema, nami nakupa maneno yake kama alivyoyasema: "Nikimlipizia mwanangu, nitakuwa nimemwandalia Dugaba meza. Kisasi ni cha adui. Mwanangu aliuawa na mtani, basi mtani aje amzike. Aje yule yule. Aje na bua, aseme yanayosemwa, alale kaburini mahali pake. Watu wangu wakimtoa, kiapo kinaishi. Wakimfukia, basi kiapo tumekizika pamoja nao, na kila mtu atafute kivuli chake."

Mzee mmoja akamuuliza, "Nani ataamua kumtoa au kumfukia?" Mfalme akasema, "Sijui. Mimi siwezi. Sina kicheko."

Sikwambii uje. Sikwambii usije.

Kaniba


Kandara, mwezi huo huo

Mdogo wangu,

Naja. Nimekata bua mwenyewe shambani kwa Baba.

Nikifukiwa, nimemwachia Sinaba fimbo ya ufalme, na ameapa mbele ya watu kwamba hatainua nyundo dhidi ya Sorobe. Alinishika bega akasema, "Nenda, mfalme. Afadhali ufe mtani kuliko uishi muuaji." Sikujua mzee yule ana maneno.

Naogopa, Kaniba. Si kaburi ninaloliogopa. Naogopa kulisema lile neno nawe unasikia.

Kaka yako,
Nanfori


Kivukoni, mwezi wa mavuno

Mdogo wangu mpenzi Kaniba,

Salamu za furaha, ingawa mkono wa kuandikia umefungwa kitambaa na maandishi yanayumba! Natumaini wewe na Bakoro hamjambo, na mzee Faran amepata nafuu ya kifua. Umeshasikia, lakini nataka usikie kwangu: tumeshinda. Dugaba hayupo tena. Chuma chetu na maji yenu havikutuangusha. Wale askari walipoanguka, vivuli vilitambaa kutoka pande zote za bonde vikiwatafuta wenyewe. Yule mwanamke wa Wurani tuliyekuja naye kambini alikuwa anatwanga. Ghafla aliacha mchi, akamshusha mtoto mgongoni, akamtazama, akamwita jina. Hata Sinaba aligeuka upande asionekane uso.

Haya yote ni kwa sababu yako. Sijapata kukwambia, tuliondoka kwenda vitani siku ile ile nawe ukaingia ndani. Acha nikwambie sasa.

Nilipotamka pale kaburini kwa Kontaga kwamba ni mimi niliyemuua, sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nikashuka, nikalala. Kutoka chini kule mtu anaona mbingu kidogo tu na miguu ya watu. Hakuna aliyecheka. Niliona mkono wa mzee Faran ukichota udongo, na udongo ukinidondokea usoni kidogo kidogo. Vijana nao wakainama wakachota. Nilifumba macho.

Ndipo nikasikia sauti yako: "Mtoeni huyo mla kunde haraka! Akikaa humo dakika moja zaidi atalijaza kaburi mashuzi, na mume wangu atapumzikaje?"

Yule mama muuza samaki akacheka huku anapiga mayowe ya kilio, nikashindwa kujua kipi ni kipi, na watu wote wakalipuka. Nawe ukanyoosha mkono ukanivuta mwenyewe. Jioni ile kule Kandara Sinaba akafungua ghala, akakuta mikuki imepukutika kutu yote, akatuletea kivukoni.

Mkono ule nimeubeba vitani kama hirizi. Najua umenisamehe, vinginevyo usingeunyoosha. Sasa rudi nyumbani, Kaniba. Njoo na mtoto. Chumba chako kipo, shangazi anakifagia kila siku. Nipigie kelele, nirushie vyungu, kaa mwaka mzima bila kusema nami, yote nitapokea. Njoo tu uwe mdogo wangu. Bakoro anahitaji mjomba.

Kaka yako daima,
Nanfori


Sorobe, mwezi wa upepo mkavu

Kwako Mfalme wa Kunde, bwana wa mashuzi yote ya milimani,

Salamu! Huku hatujambo, tumenenepa, magamba yanang'aa. Sijui ninyi huko. Tumesikia ngurumo wiki nzima bila mvua, tukasema bila shaka Kandara mmevuna kunde. Mkono wako umepona? Wenzangu sokoni wanasema uliumia kwa kujikwaa na ndevu zako ukimkimbia Dugaba.

Unaona jinsi nilivyo mwepesi? Sikusukumi wala sikusengenyi. Nakwambia hivi kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana nataka uelewe vizuri, maana wewe ni mgumu wa kuelewa mambo yetu.

Hujasamehewa. Hakuna aliyekusamehe. Ndugu ndiye husamehewa, kwa sababu ndugu ndiye hukasirikiwa. Siku ile nilisimama pale juu na mtoto mgongoni, nikatazama chini, nikaona watu wawili wamelala mahali pamoja: kaka yangu na mtani wangu. Kaka yangu nilimchukia kwa chuki ambayo sikujua kwamba mwili wa mtu unaweza kuibeba. Nilikuwa nimeshachota udongo, ulikuwa mkononi kabla hata Mfalme hajainama. Kisha nikamwona yule mwanamke wako wa Wurani amesimama kati ya watu wenu, jua limempiga na chini yake hakuna kitu, nikahisi Bakoro anapumua shingoni mwangu.

Sikuweza kumtoa kaka yangu mle, Nanfori. Nilijaribu, nguvu sikuwa nazo. Kwa hiyo nilimtoa mtani. Kaka yangu alibaki humo humo na mume wangu, tukawafukia pamoja, nami nimewalilia wote wawili arobaini moja.

Mwambie shangazi asifagie tena kile chumba, awape kuku.

Karibu Sorobe wakati wowote. Hakuna atakayekugusa, na nitakupikia mwenyewe. Nitakutukana mbele za watu, nawe unitukane, tutacheka, na usiku utalala salama kuliko kwako. Bakoro ameanza kutamka. Tunamfundisha kukuita mla kunde. Bado meno yanampa shida, lakini akija kukuona atakutukana vizuri sana.

Sina hasira nawe hata kidogo.

Ni mimi mtani wako,
Kaniba, mjane wa Kontaga wa Sorobe